Dungeons & Dragons: Mchezo usio na mshindi unaoishi kwa urafiki

MICHEZO mingi ya mezani ina mwisho unaofahamika. Katika bao, mmoja huishiwa kete. Katika karata, mmoja hutoka na mwingine hubaki na mzigo mkononi. Lakini katika mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1974, hakuna mshindi wala mshindwa, na kikao cha saa nne kinaweza kumalizika huku kila aliyeketi mezani akiondoka ameridhika.

Mchezo huo, ambao jina lake lina maana ya mahandaki na majoka, ndio uliozaa aina nzima ya michezo ya kuigiza wahusika. Wachezaji huizunguka meza, kila mmoja akajitwalia mhusika wa kubuni, kisha kwa pamoja wakasimulia safari ya wahusika hao katika ulimwengu wa wachawi, mazimwi na majoka.

Historia yake ya zaidi ya miaka 50 inadhihirisha jambo moja. Kanuni zake zimechapishwa, zimeuzwa, zimepigwa marufuku na hata kugombewa mahakamani, lakini mchezo wenyewe haupo pasipo kundi la marafiki wanaoaminiana na wanaopata nafasi ya kukutana.

Unavyochezwa

Kundi la kawaida huwa na watu wanne hadi sita, na mmoja wao huwa msimamizi. Yeye ndiye anayeufahamu ulimwengu wa hadithi. Huchora ramani na kuificha, hueleza kile ambacho wahusika wanakiona na kukisikia, na huwasemea watu wengine wote wanaokutwa njiani: mwenye nyumba ya wageni, mlinzi wa lango, hata joka lenyewe.

Kila mmoja wa waliobaki humiliki mhusika mmoja. Sifa za mhusika huyo huandikwa katika karatasi, na zile za msingi ni sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Katika toleo la kwanza, kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu za kawaida na kujumlisha, hivyo alama ya chini kabisa ilikuwa 3 na ya juu kabisa 18. Aliyekusudia kuwa shujaa mwenye misuli aliweza kujikuta na mhusika dhaifu mwenye akili nyingi, naye hakuwa na budi kumzoea.

Mambo yenye shaka huamuliwa kwa dadu. Tuseme mhusika anataka kuvuka shimo kwa kupita juu ya boriti nyembamba. Msimamizi anataja kiwango cha ugumu, kwa mfano 13. Mchezaji anarusha dadu yenye pande 20 na kuongeza alama 3 kwa ajili ya wepesi wa mhusika wake. Atafaulu iwapo dadu itaonyesha 10 au zaidi, yaani ana nafasi 11 kati ya 20.

Akianguka, hadithi haikomi. Msimamizi hana budi kueleza ameangukia wapi, nao wenzake hawana budi kuamua iwapo watateremka kumtafuta au wataendelea na safari. Ni katika maamuzi ya namna hiyo ambapo marafiki hufahamiana upya. Mtu mkimya darasani anaweza kuwa ndiye anayejitokeza kujadiliana na mfalme, na mwenye kelele nyingi akawa wa kwanza kutaka kukimbia.

Msimamizi naye si mpinzani wa wenzake. Angependa kuwaangamiza, angeweza kushusha majoka kumi kwa sentensi moja. Kazi yake ni kuweka hatari inayoaminika na kuamua bila upendeleo. Siku wachezaji wanapoanza kushuku kuwa anambeba mmoja wao, mchezo huvunjika hata kama kanuni zote zimefuatwa.

Chimbuko

Mchezo huu ulitokana na michezo ya vita. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilikuwa tayari na kanuni zilizochapishwa za kuwafundisha maofisa mbinu za mapambano juu ya ramani, kwa kutumia dadu na msuluhishi. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea. Kufikia miaka ya 1960, vilabu vya wapenzi wa michezo hiyo vilikuwa vimeenea Marekani.

Mageuzi yalianzia jimbo la Minnesota. Mwaka 1969, David Wesely aliendesha mchezo ambamo kila mchezaji, badala ya kuongoza jeshi zima, alipewa nafasi ya mtu mmoja mwenye malengo yake binafsi. Miongoni mwa washiriki wa kundi hilo alikuwamo kijana aitwaye Dave Arneson. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Arneson alibuni nchi ya kufikirika aliyoiita Blackmoor, akawateremsha rafiki zake katika mahandaki yaliyo chini ya ngome yake.

Wakati huo, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, aliishi Gary Gygax, aliyekuwa ameanzisha mkutano wa wachezaji uitwao Gen Con mwaka 1968. Mwaka 1971 Gygax na mwenzake Jeff Perren walichapisha kanuni za vita vya enzi za kati ziitwazo Chainmail, zikiwa na nyongeza ya wachawi na majoka. Arneson alizitumia, kisha akazibadili kwa kadiri meza yake ilivyohitaji.

Mwishoni mwa mwaka 1972 Arneson alisafiri hadi Lake Geneva kuonyesha mchezo wake. Gygax alivutiwa, akaanza kuandika kanuni, na hakukawia kuchimba mahandaki yake mwenyewe chini ya ngome ya kubuni ya Greyhawk. Wachezaji wake wa kwanza walikuwa watoto wake wawili, Ernie na Elise. Muda mfupi baadaye walijiunga rafiki zake, akiwamo Don Kaye, aliyemfahamu tangu utotoni.

Wachapishaji waliokuwapo hawakuuchukua mchezo huo. Ndipo Gygax na Kaye walipoanzisha kampuni ya TSR mwaka 1973, na Brian Blume akaongeza mtaji. Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000 tu: vitabu vitatu vidogo ndani ya kasha, kwa bei ya dola 10. Nakala hizo ziliuzwa zote katika muda usiofika mwaka mmoja. Kaye hakuishi kuona mafanikio makubwa, kwani alifariki dunia Januari 1975.

Marafiki walioingia vitabuni

Anayefungua vitabu vya kanuni hukutana na majina ya ajabu ya uchawi, na nyuma ya mengi ya majina hayo yuko mtu halisi aliyewahi kuketi katika meza ile ya awali.

Tenser, mchawi ambaye jina lake limepewa uchawi wa sahani inayoelea, alikuwa mhusika wa Ernie Gygax, na jina hilo hutokana na kupangua herufi za Ernest. Drawmij ni jina la Jim Ward lililosomwa kutoka nyuma. Melf, ambaye mshale wake wa tindikali unafahamika kwa kila mchezaji, alikuwa mhusika wa Luke, mtoto mwingine wa Gygax. Jina lake lilitokana na maandishi ya karatasi ya mhusika, yaliyoonyesha kwa kifupi kuwa ni mwanamume wa jamii ya elf.

Hata baadhi ya mazimwi yana asili ya namna hiyo. Mnyama anayekula chuma na yule mwenye mwili wa dubu na kichwa cha bundi walitokana na vinyago vya plastiki vya bei poa, vilivyotengenezwa Hong Kong, ambavyo Gygax alivinunua dukani ili kupata kitu cha kuweka mezani.

Kwa hiyo, kanuni zinazosomwa leo na watu wasiowahi kufika Wisconsin ni kumbukumbu za jioni za kundi moja la jamaa na marafiki. Mizaha yao imegeuka kuwa msamiati wa wageni.

Lawama na hofu

Mwezi Agosti 1979, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 16 wa Chuo Kikuu cha Michigan State alitoweka. Mpelelezi wa binafsi aliyeajiriwa kumtafuta alieneza dhana kuwa huenda kijana huyo alipotea katika njia za mabomba ya mvuke chini ya chuo akiigiza mchezo. Alipatikana akiwa hai wiki kadhaa baadaye katika jimbo jingine, na ikabainika kuwa kuondoka kwake kulitokana na matatizo mazito ya binafsi. Hata hivyo, dhana ya awali ilikuwa imekwisha kusambaa, na mwaka 1982 ilitolewa filamu ya televisheni yenye maudhui ya aina hiyo, ambamo Tom Hanks alikuwa mhusika mkuu.

Aidha, mwaka 1983 mama mmoja wa jimbo la Virginia, aliyefiwa na mwanawe mwaka uliotangulia, alianzisha kampeni ya kuupinga mchezo huo akidai kuwa unawaingiza vijana katika uchawi na kuwasukuma kujidhuru. Baadhi ya makanisa na shule yaliunga mkono. Uhusiano wa kisababishi kati ya mchezo na vifo hivyo haukuthibitishwa. Pamoja na hayo, toleo la pili la mwaka 1989 liliondoa majina ya mashetani na mapepo na kuweka mengine ya kubuni. Yalirejeshwa katika toleo la tatu la mwaka 2000.

Hofu hiyo haikuishia kwa wazazi. Mwaka 2004 uongozi wa gereza la Waupun, Wisconsin, jimbo lile lile ulikozaliwa mchezo, uliupiga marufuku na kumnyang'anya mfungwa mmoja mswada wa kurasa 96 alioandika kwa mkono, ukiwa na hadithi ya kuchezwa na wenzake. Alifungua kesi. Januari 2010 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho iliamua kuwa gereza lilikuwa na haki, ikikubali hoja kwamba mchezo wenye kiongozi anayewaelekeza wengine unaweza kujenga mwenendo wa magenge.

Uamuzi huo unaonyesha jinsi mtu wa nje anavyoweza kuliona kundi la wachezaji. Msimamizi huonekana kama mkuu wa genge, ilhali mamlaka yake hudumu kwa muda ule tu ambao wenzake wanaendelea kumsikiliza.

Ugomvi wa umiliki

Urafiki uliouzaa mchezo haukustahimili fedha zake. Vitabu vya kwanza vilibeba majina ya Gygax na Arneson. Toleo lililopanuliwa, lililoanza kutolewa mwaka 1977, lilibeba la Gygax peke yake. Mwaka 1979 Arneson alifungua kesi akidai malipo ya uandishi, nayo ilimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 1981.

Gygax naye hakusalimika. Mwaka 1985 hisa za familia ya Blume ziliuzwa kwa Lorraine Williams, na mwasisi huyo akapoteza udhibiti wa kampuni aliyoianzisha. Mwaka 1997 TSR, ikiwa taabani kifedha, ilinunuliwa na Wizards of the Coast, ambayo nayo ilinunuliwa na Hasbro mwaka 1999.

Januari 2023 wachezaji wenyewe waliingia uwanjani. Ilivuja rasimu ya leseni mpya ambayo ingewabana watu wanaochapisha hadithi na nyongeza zinazotumia kanuni za mchezo huo, kinyume na ruhusa pana iliyotolewa mwaka 2000. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba kabla ya mwezi huo kwisha kampuni iliachana na mpango huo, ikaziweka kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons.

Kinachobaki mezani

Gygax alifariki dunia Machi 4, 2008, na Arneson Aprili 7, 2009. Mchezo wao umepata wapenzi wapya kupitia vikao vinavyorushwa kwenye intaneti na tamthilia ya televisheni ya Stranger Things, iliyoanza mwaka 2016. Wakati wa janga la Uviko-19 mwaka 2020, makundi mengi yaliyozoea kukutana ana kwa ana yalihamia kwenye skrini za kompyuta ili yasitawanyike.

Kwa wanaocheza, adui mkubwa si joka bali kalenda. Marafiki walioanza pamoja wakiwa wanafunzi hupata kazi katika miji tofauti, huoa na huolewa, hulea. Hadithi iliyokusudiwa kumalizika kwa miezi sita huenda miaka, na nyingine hukatika katikati, mashujaa wake wakibaki mbele ya mlango ambao hakuna aliyeufungua.

Vilevile yapo majonzi ya kweli. Mhusika aliyechezwa kwa miaka mitatu anaweza kufa kwa dadu moja mbaya, na meza nzima ikanyamaza. Msimamizi ana uwezo wa kusema kuwa hakufa, na wapo wanaofanya hivyo kwa huruma. Lakini wachezaji wengi hupendelea hukumu ya dadu iheshimiwe, kwa kuwa ushujaa usio na hatari hauna thamani.

Karatasi ya mhusika huandikwa kwa penseli kwa sababu namba zake hubadilika kila kikao. Baada ya miaka mingi huwa imechakaa, imechubuliwa na kifutio, pengine ina doa la chai pembeni. Kwa mgeni ni takataka. Kwa aliyeitumia ni ushahidi kuwa watu fulani walitenga jioni zao kwa ajili yake, wakaokoana kutoka katika mashimo ambayo hayakuwapo, na kabla ya kuagana wakaulizana swali linalofunga karibu kila kikao: lini tena?