Usawa wa fursa za ajira, Nile Magharibi (Uganda)

Usawa wa fursa za ajira ni haki ya kuajiriwa, kulipwa na kupandishwa cheo bila kubaguliwa. Nchini Uganda msingi wake ni Katiba ya 1995, zikiwemo ibara za 32 na 33, pamoja na Sheria ya Ajira ya 2006, inayokataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, rangi, dini, asili, ulemavu au hali ya VVU. Likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi kwa mama. Baba hupewa 4 tu.

Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, husikiliza malalamiko ikiwa na mamlaka ya kimahakama. Meno yake makali zaidi, hata hivyo, yako kwenye bajeti: tangu Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, mipango ya bajeti hupimwa kwanza kama imezingatia jinsia na usawa.

Huko Arua na Koboko, katika Nile Magharibi, suala la usawa huu linawagusa Walugbara, Wakakwa, Wanubi na wakimbizi kutoka Kongo na Sudan Kusini, ambao Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Lakini huko Adumi, karibu na mpaka wa Kongo, mwanamke anayelima muhogo na kuuza sokoni hana mwajiri wa kumshtaki. Kwake, swali zito ni nani anamiliki shamba.