Siku Tatu za Alan White

Santuri ni tatu, na jalada lake ukilikunjua lote linameza meza ya chakula. Shemeji yangu, baharia, ndiye aliyenishushia mzigo huo Tanga mwaka 1979. Aliununua kwa kupenda picha za jalada. Muziki wenyewe, alisema, ni wa watu wanaogombana huku wameshika vyombo. Akanipa mimi kwa kuwa nilikuwa nakung'uta dramu. Upande wa kwanza niliusikiliza kwa adabu tu. Nikageuza. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili ulipoingia nikasimama: huyu si yule. Ile ngoma ndogo inayokaa kati ya magoti ilikuwa inalia juu, kali, kama kifuniko cha sufuria kilichoangukia sakafu ya saruji. Wimbo uliofuata, yule wa kwanza akarudi, na mikono yake mizito. Nikalivuta jalada karibu na taa nikasoma maandishi madogo. Nyimbo mbili kapiga Bill Bruford, nyingine kapiga Alan White.

Albamu hiyo ni Yessongs, iliyotoka Mei 1973, ya kundi la Yes la Uingereza. Ni rekodi za jukwaani za mwaka 1972, kuanzia Februari hadi Desemba. Katikati ya miezi hiyo kundi lilibadilisha mpiga dramu, na badala ya kuficha mshono wakaziacha nyimbo mbili za Bruford kati ya zile za White. Sijui albamu nyingine ya jukwaani ambamo unaweza kugeuza santuri na kukutana na mtu aliyekwisha kuhama.

Kilichomhamisha Bruford kinaeleweka ukijua walivyokuwa wakirekodi. Mwaka huohuo walikuwa wamejifungia studio ya Advision, London, wakitengeneza Close to the Edge, ambayo wimbo wake mkuu una dakika zaidi ya 18. Wimbo huo haukupigwa mwanzo hadi mwisho. Walipiga kipande, wakabishana, wakapiga kingine, na fundi mitambo wao, Eddy Offord, akavikata kwa wembe na kuviunganisha kwa utepe wa gundi. Kuna kisa kinachosimuliwa cha kipande kizuri kilichotupwa na mfanya usafi, wakatoka nje kuchakura mapipa ya taka mpaka wakakipata. Bruford alichoshwa na mabishano hayo, kila noti kama kesi ya baraza. Kazi ya studio ilipokwisha aliaga, akaenda kundi la King Crimson. Kuliacha kundi wakati linaanza kutajirika! Wenzangu wa dansi walihama bendi kwa godoro na redio. Huyu alihama kwa kutaka kupiga muziki mgumu zaidi.

Ziara ya Marekani ilikuwa imekwisha pangwa. Onyesho la kwanza lilikuwa Dallas, Texas, tarehe 30 Julai 1972. Anderson, mwimbaji, na Squire, mkung'uta besi, wakamwendea White, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akiishi nyumba moja na Offord. White mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba walimtania: akikataa watamtupa dirishani, na nyumba ilikuwa ghorofani. Akakubali kwa masharti: miezi mitatu, mnijaribu niwajaribu. Kujifunza nyimbo alikuwa na siku tatu.

Hapa naomba mnivumilie, maana siku tatu nazijua. Mwaka 1974 kiongozi wa bendi moja alikuja kwetu Alhamisi jioni, mpiga dramu wake kachukuliwa na bendi ya mji mwingine, na Jumamosi kuna dansa. Nilikaa uani na mpiga gitaa la rithim, yeye anapiga, mimi najipiga mapajani, nyimbo zaidi ya 20. Siku ya dansa nilikosea mara nne. Wanamuziki wenzangu waliona mbili. Wacheza dansi waliziona zote, maana wimbo ukifika pa kuchemka na dramu ikachelewa, kiuno kinabaki hewani hakina pa kutua. Na ile ilikuwa rumba, ambayo ukipotea utaikuta imekungoja kwenye kona. Nyimbo za Yes hazingoji. Hesabu ya mapigo hubadilika katikati ya sentensi, na ukishapitwa umepitwa. Tena Close to the Edge ilikuwa haijafika madukani, ilitoka Septemba. Wasikilizaji wa Dallas hawakuijua. Hilo pengine lilimsaidia.

Lakini White hakuwa mgeni wa kazi za dharura. Septemba 1969, akiwa na miaka 20, alipigiwa simu na John Lennon. Akadhani ni mtu anamfanyia utani, akakata. Lennon akapiga tena, na kesho yake wakawa ndani ya ndege kwenda kupiga onyesho Toronto, wakifanya mazoezi humo angani. Rekodi ya onyesho hilo ipo pia. Baadaye akapiga kwenye albamu ya George Harrison, All Things Must Pass, nayo ya santuri tatu. Ukimhesabia, kabla ya Yes alikuwa ameshazoea kuingia nyumba za watu na kukuta chakula kimeshapakuliwa.

Offord ndiye aliyekuwa na mzigo mwingine. Kundi lilimtoa studio likampeleka ziarani awe anasimamia sauti ukumbini, ili kile alichokikata kwa wembe kisikike usiku baada ya usiku kikipigwa mfululizo. Maonyesho yalifunguliwa na kipande cha Ndege wa Moto cha Stravinsky kikitoka kwenye utepe, taa zimezimwa, kisha kundi linaingia juu yake kabla hakijapoa. Kwenye santuri ndivyo upande wa kwanza unavyoanza. Sauti yake si safi. Besi ya Squire inanguruma mpaka inafunika gitaa la Steve Howe, na watu wamelalamikia hilo tangu siku ya kwanza. Mimi silalamiki. Nimekaa nyuma ya besi miaka kumi na mitano, na muziki unavyosikika kutoka kwenye kigoda cha dramu ni hivyohivyo.

Kuna chombo kimoja cha kukitazama karibu. Rick Wakeman, mpapasa vinanda, aliyevaa majoho ya kumetameta, alikuwa na kinanda kinachoitwa Mellotron. Hakina nyuzi wala filimbi. Chini ya kila kitufe kuna kipande cha utepe uliorekodiwa sauti ya fidla au kwaya. Ukibonyeza, utepe unavutwa mbele ya kichwa cha kusomea, na baada ya sekunde kama nane umekwisha. Lazima uinue kidole ili springi iurudishe. Kwa hiyo zile sauti nzito kama za kanisani unazozisikia katika "And You and I" zinapigwa na mtu anayehesabu pumzi kichwani, akibadili vidole kabla utepe haujamwishia. Hata jukwaani, utepe uliwafuata.

Desemba 1972 walikuwa wamerudi London, ukumbi wa Rainbow, na huko ikapigwa filamu iliyotoka 1975. Albamu ilifika nafasi ya 7 Uingereza na ya 12 Marekani, si haba kwa kitu cha santuri tatu na bei yake. Picha zilizomvutia shemeji ni za Roger Dean. Zinaendeleza kisa alichokianza kwenye jalada la albamu ya Fragile, sayari iliyopasuka na vipande vyake kuelea mpaka vikatua kwenye ulimwengu mwingine.

Mwaka 2015 zilitolewa rekodi kamili za maonyesho saba ya Oktoba na Novemba 1972, diski 14, orodha ileile ya nyimbo kila usiku. Juni ya mwaka huo Squire akafariki. Ile miezi mitatu ya majaribio ya White ilifika Mei 2022, alipofariki akiwa bado mpiga dramu wa Yes. Bado miezi miwili ingetimia miaka 50.

Mjukuu wangu alinipigia Close to the Edge ya Yessongs kwenye simu yake, safi, haina chembe ya vumbi. Santuri yangu ya tatu ina mkwaruzo upande wa tano, tangu mwaka ambao mama yake alikuwa anajifunza kutambaa, na sindano hapo huruka. Nilikuwa nafuata kwa mguu kama kawaida. Tukafika pale, na White akapiga mapigo ambayo sikuwahi kuyasikia, manne au matano. Mguu wangu ulikuwa umeshatua.