Mlango wa Land Rover na Umri wa Umbo

Mwenye pikapu ya zamani akitafuta mlango mwingine, watu humwombea bahati, kana kwamba yote yanategemea atakachokikuta kwenye lundo la magari mabovu. Historia ya Land Rover inaonyesha vingine: mlango hupatikana au hukosekana kwa uamuzi uliokatwa kiwandani miaka mingi kabla gari halijagongwa. Kampuni ya Rover ilipolitoa gari hilo mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ikaundwa kwa mabati ya aluminiamu yaliyo karibu bapa, yasiyohitaji mashine kubwa za kukunjia. Mlango ulikuwa vipande 2, cha chini na cha juu chenye dirisha, na hicho cha juu kilifunguliwa kwa spana. Mwaka 1958 ikaja Series II, na ubavu ukapewa mbinuko chini ya dirisha. Mbinuko huo ndio mpaka: mlango wa gari la awali haukai vizuri kwenye la baadaye. Lakini tangu hapo umbo la ubavu lilidumu hadi Series III ilipokoma mwaka 1985, miaka 27 kwa jumla.

Hata hivyo, umbo kudumu hakumwondolei fundi kazi. Anayejua huanza na ukingo wa chini, si rangi. Ndani ya bati la aluminiamu mna fremu ya chuma, na metali hizo zinapogusana penye unyevu wa chumvi, kama wa Mombasa au Tanga, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe, nacho chuma huvimba kwa kutu. Kisha hupima bawaba na kukagua kitasa. Vitasa vilibadilishwa njiani, kwa hiyo ni busara kuuchukua mlango pamoja na kitasa chake na kipokeo cha nguzoni.

Huenda mtu akasema Toyota Hilux imebadilika mara kwa mara na bado milango yake imejaa sokoni. Ni kweli, lakini wingi huo una umri. Kati ya 1968 na 1988 Hilux ilipitia vizazi 5. Kila kizazi hulisha soko maadamu magari yake yapo, kisha hukauka, ilhali umbo lililodumu huendelea kupokea vipuri kutoka kwa magari yaliyoundwa miaka mingi baadaye.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama: kung'ang'ania mlango wa zamani ni kuwanyima abiria kinga mpya. Hoja hii ingenishinda kama kinga ingelazimu kuhamisha bawaba au kubadili umbo la nje. Mara nyingi hailazimu, kwani uimarishaji hufichwa ndani. Toyota yenyewe imeuthibitisha kwa Land Cruiser za familia ya 70, zilizoanza mwaka 1984. Zilibadilishiwa injini, mwaka 2007 pua ikapanuliwa, na mwaka 2016 pikapu yake ya kibanda kimoja, baada ya kuimarishwa na kuongezewa mifuko ya hewa, ikapata nyota 5 katika majaribio ya usalama ya Australia. Umbo la kibanda chake, milango ikiwemo, bado mtu aliyezoea gari la 1984 angelitambua mara moja.