Karthago Machoni pa Watengenezaji wa Filamu

Tangu mwezi wa Aprili mwaka 1914, ilipoonyeshwa mjini Torino, Italia, filamu iitwayo Cabiria, iliyotengenezwa na Giovanni Pastrone, watu wasiopata kusoma ukurasa hata mmoja wa tarehe ya Karthago wamekuwa wakiamini kwamba mji ule wanaujua: wanalijua hekalu ambalo lango lake ni kinywa kilichoachama, wanamjua mungu Moloch, sanamu kubwa lenye moto kifuani ambamo watoto hutupwa, na wanazijua kasri zilizopambwa kwa ndovu wa kuchongwa.

Sura hiyo haikutoka Karthago. Warumi walipouteketeza mji mwaka 146 K.K., vitabu vyake waliwagawia wafalme wadogo wa Afrika, wakabakiza vile 28 vya Mago juu ya kilimo, ambavyo baraza la Roma liliamuru vifasiriwe kwa Kilatini, navyo baadaye vikapotea. Hata kaumu iliyotamba baharini karne nyingi ikawa haina kitabu cha kujieleza, na habari zake zikasimuliwa na mahasimu. Pastrone alichota mengi katika riwaya ya Flaubert, Salammbô, ya mwaka 1862. Naye Flaubert, katika habari ya kafara ya watoto, alimfuata Diodorus wa Sicilia, aliyeandika wakati Karthago imekwisha kuwa magofu. Palipokosekana habari, mafundi wa filamu waliazima Misri, Ashuru na Bara Hindi. Tena Italia ilikuwa imetoka kuwanyang'anya Waturuki nchi ya Libya katika vita vya 1911 na 1912, na yumkini watazamaji wake walipenda kuiona Afrika ya kale kuwa nchi ya kutisha.

Ushahidi mwingine, hata hivyo, ulikuwapo, na kupuuzwa kwake kwanihuzunisha. Katika makaburi ya Karthago vimefukuliwa vichwa vidogo vya kioo, vya kuvaliwa shingoni, vyenye ndevu za kusokotwa na macho makubwa yaliyokodoa, ambavyo yumkini mafundi wa mji wenyewe walivitengeneza kwa mikono yao. Na Plautus, mtungaji wa michezo ya kuchekesha wa Roma, alimleta jukwaani mzee wa Karthago aliyevaa kanzu ndefu isiyofungwa mshipi, pamoja na watumishi wenye pete masikioni. Na ijapokuwa mavazi hayo yalikusudiwa kuchekwa, mzee mwenyewe ni baba anayezunguka nchi baada ya nchi akiwatafuta binti zake wawili walioibwa. Filamu imeigeuza hadithi hiyo juu chini, kwani humo anayeibwa ni mtoto wa Sicilia, akauzwa Karthago ili achomwe.

Ama huko kuchomwa kwa watoto, uwanja wa mitungi yenye mifupa ya watoto iliyochomwa uligunduliwa Karthago mwaka 1921, miaka saba baada ya filamu, na hata leo wanazuoni hawajaafikiana kama watoto wale walitolewa kafara au walizikwa baada ya kufa kwa maradhi. Filamu ilikwisha kutoa hukumu kabla ya shahidi kufukuliwa.

Atakayeiigiza tena Karthago, basi, na avitazame kwanza vile vichwa vya kioo katika majumba ya makumbusho ya Tunisia, kisha ndipo awashonee watu wake nguo.