Masikio Mazito na Chombo cha Kusikilizia

Wasikilizaji, jina la Kariakoo lenyewe ni kazi ya sikio. Katika mwaka wa 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam, wakaweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Watu waliyapokea maneno hayo mageni kama masikio yao yalivyowapa, wakasema Kariakoo, wala hakuna aliyeitwa kiziwi kwa sababu hiyo.

Leo twataka kusema habari za mtu ambaye sikio lake limepungua kidogo tu. Huyu husikia sauti, lakini hapati maneno. Irabu, yaani a, e, i, o, u, zina nguvu. Bali s, f na t ni sauti nyembamba, na aghalabu hizo ndizo zitanguliazo kupotea. Basi akiwa sokoni Kariakoo, muuzaji asema elfu tisini, yeye asikia sitini. Irabu zake ni zile zile! Ahesabu fedha, na ugomvi waanza. Akiitwa kwa nyuma asiitike, husemwa ana kiburi. Mwisho hujifunza kucheka wenzake wachekapo, kisha huacha kwenda barazani.

Sababu ni nyingi: uzee, kelele za mashine, maradhi, hata dawa. Kwinini ikizidi huvumisha masikio, nayo streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka wa 1943, iliponya wengi wenye kifua kikuu na kuwaharibu baadhi yao masikio.

Zamani mtu aliweka kiganja nyuma ya sikio. Huko Ulaya walitengeneza pembe, na Beethoven, mtunzi wa muziki, alizitumia. Karibu na mwaka wa 1900 Miller Reese Hutchison wa Marekani alifanya chombo cha umeme. Transista ilipovumbuliwa mwaka wa 1947 njia ilifunguka, na katika miaka iliyofuata chombo kilipungua hata kikakaa nyuma ya sikio.

Hapo ndipo watu hutumaini kupita kiasi. Wengi hudhani ni kama miwani: ukivaa, waona. Sivyo. Chombo hukuza sauti. Hakimrudishii mtu sikio la ujana. Siku ya kwanza mvaaji hushtushwa na mchakacho wa nguo zake mwenyewe, na kijiko kikigonga kikombe. Akifika Kariakoo, vipaza sauti vya wachuuzi na pikipiki humwingia pamoja na maneno ya mwenzake. Vyombo vya siku hizi hujaribu kupambanua maneno na kelele, navyo husaidia, lakini havimalizi kazi. Akili iliyozoea kimya yahitaji majuma kadhaa. Wengi hukitia sandukuni kabla ya hapo, wakisema wameibiwa. Na bei yake si ndogo.

Wengine husikia habari za upasuaji wa kupandikiza chombo sikioni, ulioanza Muhimbili mwaka wa 2017, wakautaka. Huo ni wa wenye uziwi mkubwa.

Twaona heri mtu aanze nyumbani, na msemaji mmoja, akimtazama usoni. Sokoni asimame karibu na muuzaji, na bei ikimtatiza aombe iandikwe. Maana hata akiuliza kama ni sita au tisa, irabu ni zile zile tena.