Mlingoti wa isindu: Mti mrefu uliowaita kware Kakamega

Ifikapo Mei 2027 itakuwa imetimia miaka 50 tangu serikali ya Kenya ipige marufuku uwindaji, kupitia Tangazo la Kisheria nambari 120 la mwaka 1977. Wakati huo tutasomewa mengi kuhusu ndovu, vifaru na matajiri wa ng'ambo waliokuja kuwapiga risasi. Lakini hapa Kakamega, hasa upande wa Butere, Khwisero, Mumias na Matungu, uwindaji ulikuwa na sura nyingine kabisa: mti mrefu uliosimama kando ya boma, umefungwa matundu ya ndege kuanzia juu hadi usawa wa kichwa cha mtu. Huo ndio mlingoti wa isindu. Ulileta kitoweo nyumbani na kuwapa vijana kazi ya msimu, na sasa elimu ya kuuchagua inaondoka pamoja na wazee walionayo.

Isindu ni yule kware mdogo ambaye majirani zetu Wajaluo humwita aluru. Uzito wake haufiki gramu 100. Dume ana koo la michoro myeusi na myeupe na kifua cheusi; jike ana rangi ya nyasi kavu, na akilala chini unaweza kumkanyaga bila kumwona. Hakai mahali pamoja. Hufuata mvua, husafiri usiku, na kunapopambazuka hutua panapomfaa: kwenye nyasi, pembeni mwa shamba la wimbi, kwenye ardhi iliyopumzishwa. Mwaka mmoja hujaa tele, mwaka unaofuata haonekani. Ndege wa namna hiyo huwezi kumfuata. Ni lazima umwite, na wa kumwita ni isindu mwenzake.

Haya mengi nimeelezwa na mzee mmoja wa Marama, huko Butere, aliyejifunza kutega kwa baba yake kabla ya Uhuru. Ndege wachache walionaswa msimu uliotangulia hufugwa ndani ya matundu ya kusukwa, kila mmoja peke yake, wakila wimbi. Mvua za masika zikishika, matundu yanafungwa mlingotini, moja juu ya lingine. Kabla jua halijachomoza madume huanza kulia, mmoja akidakia wa mwenzake, na sauti hiyo ikitoka juu hufika mbali kuliko inapotoka chini nyasini. Wanaopita angani huisikia na kushuka. Chini wamefyekewa vijia vyembamba, na katika kila kijia kuna vitanzi vya nyuzi za katani au singa za mkia wa ng'ombe. Isindu akishatua hupenda kutembea kuliko kuruka. Hushika kijia, na shingo ikaingia.

Asiyejua hudhani ufundi wote uko kwenye kitanzi. Mzee huyu alilikataa wazo hilo papo hapo. Kitanzi hata mtoto wa darasa la tatu anafunga, alisema. Mti ndio unaomtofautisha mtegaji na mchezaji.

Kwanza mti uvuke migomba na mapaa ya nyumba, la sivyo sauti inakwama uani. Pili unyooke. Mti wenye kombo ukisimamishwa hujipinda kila upepo unapovuma, matundu yanagongana, na ndege aliyeshtuka halii. Alisisitiza jambo hili mara nyingi: ndege asiyelia ni mzigo, unamlisha bure. Tatu usiwe mzito, maana kila siku mlingoti hulazwa ili ndege wapewe chakula na maji, kisha usimamishwe tena, na kazi hiyo ilifanywa na vijana wawili, pengine mtu na mdogo wake. Nne ni mguu wake. Udongo wa huku una mchwa, nao hawangoji.

Mti ulioshinda mitihani yote hiyo ni lusiola, ule wenye maua ya manjano tunaouona kwenye mipaka ya mashamba kote Magharibi. Mbao zake mchwa hawazipendi. Lakini si kila lusiola. Uliomea peke yake uwanjani hutoa matawi mapema na shina lake huwa fupi na nene. Uliosongwa na wenzake hurefuka ukitafuta jua, na huko ndiko mtegaji alikoenda kutafuta. Aliuzunguka, akautazama kutoka pande zote, kwa kuwa mti huweza kuonekana umenyooka ukiwa mashariki yake na kombo likajitokeza ukihamia kaskazini. Aliukata wakati wa kiangazi. Aliubandua magome, akaulaza kivulini juu ya panda kadhaa zilizolingana urefu ili usipinde ukikauka, kisha akauchoma mguu kwa moto mdogo hadi ukawa mweusi. Matawi hakuyakata yote hadi kwenye shina. Aliacha vishina vya urefu wa kidole, kimoja upande huu na kingine upande ule, navyo ndivyo vilivyoshikilia kamba za matundu zisiteleze.

Miti mingine ilikuwa na kasoro zake. Mwanzu hunyooka vizuri na ni mwepesi, lakini ni laini na huoza upesi. Mutukhuyu ni mgumu kama chuma, unafaa nguzo ya nyumba, ila nani atausimamisha na kuulaza kila siku? Mikalitusi, iliyoletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za garimoshi, hupasuka na kujisokota ikikauka. Mzee wangu hakuwa na neno zuri hata moja kuihusu.

Kwingineko duniani nguzo za uwindaji zina kazi tofauti. Wawindaji wa sungura wa Uingereza huchagua fito za kushikilia nyavu zao ndefu zisilegee wakati mnyama anapofurushwa shimoni. Misri, kwenye pwani ya Mediterania, kware wanaotoka Ulaya kila msimu wa kupukutika majani hupokewa na nyavu zilizotandazwa juu ya nguzo kwa kilomita nyingi mfululizo, na wahifadhi wa ndege wamekuwa wakilalamika kwa miaka. Hapa Kakamega hapakuwa na wavu wa kuziba anga. Mlingoti mmoja uliita, na asiyetaka kutua alipita.

Sheria za kigeni zilifika mapema. Mkataba uliotiwa saini London tarehe 19 Mei 1900, kuhusu wanyama wa porini barani Afrika, ulitaka matumizi ya nyavu na mashimo ya kutegea yawekewe mipaka, huku bunduki yenye leseni ikipewa njia. Wakati huo Magharibi ya Kenya ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ilihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Mwaka 1920 makao ya wilaya yalitoka Mumias yakaja Kakamega. Dhahabu ikagunduliwa mwaka 1931, wachimbaji wakamiminika, na Msitu wa Kakamega ukatangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933. Katika pilikapilika zote hizo mtegaji wa isindu hakusumbuliwa sana. Mti wake ulitoka mpakani mwa shamba lake, na ndege wake alikuwa mdogo mno kumshughulisha bwana nyama.

Kisha ikaja 1977. Jambo moja husahaulika: marufuku ile haikuwagusa wenye bunduki za kupigia ndege. Kanga, kware na wengineo waliendelea kuwindwa kwa leseni miaka mingi baadaye. Tajiri aliyekuwa na bunduki, gari na ada ya leseni alikuwa mwanamichezo. Mtu wa Khwisero mwenye uzi wa katani alikuwa jangili. Nimejaribu kutafuta hoja ya uhifadhi katika tofauti hiyo na sijaiona. Risasi moja ya marisau huangusha ndege kadhaa na kujeruhi wengine wasiookotwa. Kitanzi hushika mmoja, akiwa hai, na mtegaji akitaka kumwachilia jike anamwachilia.

Pigo kubwa zaidi, hata hivyo, halikutoka mahakamani. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianzishwa mwaka 1971 na kiwanda kikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Wimbi lilipungua, ardhi ya kupumzishwa ikaisha, na miwa ikafunika nchi. Isindu anataka mahali pa wazi anapoweza kukimbia. Ndani ya miwa mirefu hana shughuli, na mlingoti uliozungukwa na miwa huita bure.

Halafu, wakati wengi walipokuwa wamemsahau, kware alirudi kwa njia ambayo hakuna mtegaji aliyeitarajia. Mwaka 2013 Kenya nzima ilishikwa na homa ya kware. Ilisemwa kwamba mayai yake hutibu kisukari, shinikizo la damu, pumu, hata maradhi ambayo hospitali zimeshindwa. Yai dogo la gramu 10 hivi liliuzwa bei ya mayai kadhaa ya kuku. Watu walichukua mikopo. Walimu, makarani na wastaafu walijenga vibanda, wakanunua mashine za kuangulia, wakapiga foleni kutafuta leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kakamega haikubaki nyuma, na wengine walidhani wana haki ya asili katika biashara hiyo kwa kuwa babu zao walikula isindu.

Lakini ndege aliyekuwa vibandani hakuwa isindu. Alikuwa kware wa Kijapani, aliyefugwa Japani karne nyingi, mwanzoni kwa ajili ya sauti yake, watu wakishindanisha madume yao kwa kulia, hadi wafugaji wa karne ya 20 walipomgeuza kuwa mashine ya mayai. Huyo huanza kutaga akiwa na umri wa wiki sita au saba hivi, na mayai yake huanguliwa kwa siku 17 au 18. Hesabu hiyo ndiyo iliyowaua wafugaji. Kila aliyenunua vifaranga Septemba alikuwa na vifaranga vya kuuza kabla ya Krismasi, na aliowauzia nao walikuwa nyuma yake kwa miezi miwili tu. Soko halikuwa la walaji. Lilikuwa la wafugaji wakiuziana mbegu. Mwanzoni mwa 2014 wanunuzi wapya waliisha. Bei ya yai iliporomoka hadi shilingi chache, matrei yakaoza madukani, na watu wakawa wanagawa ndege bure kwa atakayekuja na boksi.

Wategaji wa zamani wa Butere waliyatazama hayo kwa uchungu. Mzee wangu anakumbuka kijana jirani aliyetumia akiba yake yote kununua kware wa Kijapani, ilhali nyuma ya nyumba ya baba yake kulikuwa na mlingoti wa lusiola uliokuwa bado mzima. Kijana aliukata vipande viwili akautumia kujengea kibanda.

Katika miezi ileile ya homa, sheria mpya ya wanyamapori ya 2013 ilianza kufanya kazi, Januari 2014. Inatamka kwamba anayewinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani atatozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 au afungwe kwa muda usiopungua miezi 6, au vyote viwili. Tangu hapo anayetega hufanya hivyo bila mlingoti, kwa kuwa mlingoti unaonekana kutoka barabarani. Wengine sasa hutumia sauti ya isindu iliyorekodiwa kwenye simu, na hapo mti, tundu na wimbi la kulishia ndege vimeondoka kwa pamoja.

Mimi sitetei ujangili. Msitu wa Kakamega umepoteza mengi na unastahili kila askari ambaye umepewa. Ila isindu hayumo katika orodha ya viumbe wanaokabiliwa na hatari ya kutoweka duniani, na aliyemfukuza Mumias ni muwa kuliko kitanzi. Ningependa KWS na serikali ya kaunti wakae na wategaji waliobaki, wakubaliane kuhusu miezi ya kutega, idadi ya vitanzi kwa kila boma na kuachiliwa kwa majike, kisha kibali kitolewe kwa ada ambayo mkulima wa wimbi anaimudu. Na vituo vya utamaduni vya kaunti hii, kabla ya 2027, viagize mlingoti mmoja kamili kutoka kwa mtu anayejua kuuchagua, ukiwa na matundu yake na vishina vyake vya kushikilia kamba, malipo yake yakiwa ya fundi. Wazee wanaoweza kuifanya kazi hiyo bado wapo Marama, na Kisa huko Khwisero, na lusiola bado zinamea.