Sindano ya Malale: Moto Ndani ya Mshipa

Wadau, kuna dawa ya usingizi na kuna dawa ya malale. Moja inakulaza, nyingine inakuamsha. Zote mbili zikipita mshipani zinaweza kuunguza.

Ya usingizi ni propofoli, ile nyeupe kama maziwa wanayochomwa wanaokwenda kupasuliwa. Mwaka 2011 watafiti walikusanya majaribio 177 yaliyohusu watu wazima 25,260. Pasipo kuchukua hatua yoyote, kama watu 6 kati ya 10 huumia inapoingia. Hatua moja iliyosaidia kuliko zote haiuzwi duka la dawa: acha mshipa mwembamba wa mkononi, choma ule mnene wa ndani ya kiwiko. Pale damu ni nyingi, dawa inachanganyika upesi na kuta za mshipa haziungui sana.

Sasa twende Kigoma. Livingstone, yule wa mwembe wa Ujiji, alichapisha mwaka 1858 habari ya kumpa farasi aliyeumwa na mbung'o aseniki. Ndiyo, sumu! Tena kwa mdomo. Farasi akapata nafuu, kisha akafa.

Malale yalipofika mwambao wa Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani walifungua kambi za wagonjwa, na safari hii aseniki ilikuja kwa sindano: atoksili. Robert Koch alikuwa ameijaribu visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Kumbukumbu za wakubwa zinahesabu wagonjwa na vifo vizuri sana. Aliyelia sindano ikiingia, hayumo.

Mwaka 1949 ikaja melasoprol, ya Ernst Friedheim, aseniki vilevile. Iliponya malale yaliyokwisha fika kwenye ubongo, lakini wagonjwa waliieleza kama moto unaopanda mkono. Iliua kama 5 kati ya kila 100 waliotibiwa. Kimiminika chake huharibu plastiki, kwa hiyo lilitakiwa bomba la kioo, kavu kabisa. Na kwa maumivu? Mkono wa nesi tu: mshipa mnene, kusukuma polepole, kutoruhusu hata tone livuje nje, kwani nyama huungua. Kesho yake, tafuta mshipa mwingine.

Kati ya 2006 na 2009, kituo cha afya Kaliua, kwenye reli ya kwenda Kigoma, kilikuwa sehemu ya jaribio la kuitoa kwa siku 10 mfululizo badala ya wiki tatu na zaidi. Dawa ileile, mateso mafupi.

Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya huku kwetu. Siku 10, na chakula, bila sindano. Watoto wa chini ya miaka 6 au kilo 20 hawamo. Hao, ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, bado ni melasoprol.